Kitabu Kilichofungia Karanga

Karanga zikikaangwa kwenye mchanga hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya mchanga wenyewe unaposhika moto, harufu kavu kama ya barabara ya Koboko mwezi wa pili. Ya pili huja baadaye, ngozi nyekundu ya karanga inapoanza kubabuka, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wageuze shingo. Juzi, hapa Arua, nilikuwa natoka sokoni na binti yangu. Kando ya duka la vitenge mama mmoja alikuwa anageuza karanga zake kwa kipande cha kibuyu, na miguu yangu ikavuka barabara bila kuniuliza. Binti yangu akasema, "Mama, kwani karanga zimekukosea nini?"

Nilimjibu kwamba hazijanikosea kitu. Mkosaji ni mimi, lakini hilo sikumwambia. Nawaambia ninyi, kwa sababu binti yangu bado ananiheshimu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tulikuwa tumerudi Koboko si muda mrefu. Baada ya vita vya sabini na tisa tulikimbilia Zaire, ng'ambo tu ya mpaka, kama walivyofanya karibu majirani zetu wote. Baba alikuwa sajini wa stoo katika jeshi la serikali iliyoanguka. Kazi yake yote ya vita ilikuwa kugawa mablanketi na sufuria, lakini sajini ni sajini, na waliokuwa wakiwatafuta masajini hawakuuliza mtu alikuwa akigawa nini. Tulikaa huko miaka sita. Nilijifunza kutembea Uganda, nikajifunza kusoma Zaire.

Aliyenifundisha kusoma ni Baba, na alinifundisha kwa kitabu kimoja, maana hatukuwa na kingine. Kiliitwa *Sajini Pilau*. Alikipata kwa mchuuzi mmoja wa Aru, mji wa huko Zaire, aliyekuwa anafungia chumvi kwa kurasa zake, akampa mkanda wake wa jeshi akakichukua. Kilikuwa kitabu cha Kiswahili, kimeandikwa na mtu aitwaye Nuhu Bakari Mtambo, na kilieleza habari za polisi mnene wa mji mdogo ambaye kila kesi aliyopelekewa iliishia mezani, yeye akila ushahidi. Baba alikisoma kwa sauti jioni, jua likiwa bado halijazama, tukiwa tumekaa nje ya kibanda cha nyasi. Alipofika mahali Sajini Pilau anapomhoji kuku, alicheka mpaka akashika ubavu. Nataka mjue kwamba katika miaka ile sita sikumsikia baba yangu akicheka kwa jambo lingine lolote.

Tulikisoma mpaka tukakijua kwa moyo. Kisha paa likavuja msimu mmoja wa mvua, kurasa zikashikana kama muhogo uliopondwa, kitabu kikafa. Nilimwuliza Baba kama huyo Mtambo aliandika kingine. Akasema, "Hapana. Mutu kama ule naandika moja tu, halafu nachoka." Nikaamini. Nilihuzunika kama mtu aliyefiwa na mjomba.

Jambo lingine mnalopaswa kujua kuhusu miaka ile ni kuomba. Miezi ya njaa Mama alitutuma kwa wenyeji na kikapu, tukasimama mlangoni mwa watu kuomba majani ya muhogo. Wengine walitupa kwa moyo mweupe, wengine walitufukuza pamoja na mbuzi. Baba alikaa ndani siku hizo, hakutaka kutuona tukirudi. Tulipovuka mpaka kurudi kwetu alitusimamisha barabarani, sisi watoto wanne, akatuambia kwamba kuanzia leo mtoto wake hataomba kitu kwa mtu. Nililishika neno hilo kuliko sala.

Pale Koboko, karibu na msikiti, ndipo alipokaa Haboba Zaitun. Haboba ni bibi kwa lugha ya Wanubi, na mji mzima ulimwita hivyo ingawa damu yake ilikuwa moja tu, mwanawe Ismaili, aliyekuwa utingo wa malori huko Sudan. Haboba alikuwa mwembamba, mrefu, na alipocheka alifunika mdomo kwa ncha ya leso kana kwamba meno yake ni siri. Hakujua kusoma. Siku moja alinisikia nikisoma maandishi ya gunia la mchele, akaniita. Tangu hapo barua za Ismaili, zilizokuja kwa mikono ya madereva, nilizisoma mimi. Ismaili aliandika Kiswahili cha barabarani, kifupi kama amri, na Haboba aliniambia nirudie mara tatu. Mara ya tatu alifumba macho. Kisha alinijazia kiganja karanga na kusema, "Hii iko ya macho yako." Watoto wenzangu walinionea wivu, nami nilitembea nikijiona mtu mkubwa mwenye ofisi.

Sasa, kipindi kile karatasi ilikuwa shida. Wauza karanga walitumia walichopata: madaftari ya shule, mafaili ya ofisi zilizochomwa, hata ramani. Haboba aliletewa furushi la karatasi kutoka Arua, akawa anachana ukurasa mmoja mmoja, anakunja umbo la pembe, anamimina karanga, anakunja juu. Vidole vyake vilifanya hivyo bila yeye kuangalia.

Mchana mmoja nilinunua karanga zangu, nikala nikitembea, na nilipozimaliza nikaikunjua karatasi kwa mazoea tu, kama mtu anavyoangalia ndani ya mfuko mtupu. Nikasoma: "Sajini Pilau alimtazama yule mbuzi, yule mbuzi naye akamtazama Sajini, na kati yao wawili ilikuwa vigumu kujua nani alikuwa amekula jalada la kesi."

Nilisimama katikati ya barabara. Baiskeli ilinikwepa, mwenyewe akanitukana kwa Kilugbara. Kesi ya mbuzi haikuwamo katika kitabu chetu. Nilikijua kitabu chetu kuliko nilivyojua majina ya shangazi zangu, na hakikuwa na mbuzi. Juu ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa *Sajini Pilau Astaafu*. Mtambo hakuchoka, basi. Mahali fulani huko duniani, wakati sisi tunaomba majani ya muhogo, mtu yule alikuwa ameketi chini akaandika tena.

Niligeuka mbio. Kitabu kilikuwa pale, kando ya ungo wa Haboba, kimelala kifudifudi. Jalada la mbele lilikuwa limekwenda, na kurasa kadhaa za mwanzo. Jalada la nyuma lilikuwapo, na juu yake picha ya mwanamume mwenye miwani na meno makubwa yaliyoachana. Huyo ndiye Mtambo. Miaka yote nilimfikiria kama malaika mwenye ndevu, kumbe alifanana na muuza samaki. Nilimpenda hapo hapo.

Mngefanya nini? Najua mngefanya nini. Mngesema, "Haboba, nakuomba kitabu hiki." Basi. Mimi nilisimama nikiangalia vidole vyake vikichana ukurasa mwingine kwa ajili ya askari mmoja, na ulimi wangu ukawa kama umeshonwa.

Siku kumi na mbili nilizunguka pale. Niliwafuata wateja. Nilimfuata mzee mmoja wa baiskeli mpaka njia ya Abuku, nikingoja amalize karanga atupe karatasi, naye alikula moja moja kama mtu anayemeza dawa. Mkimbizi mmoja kutoka Sudan alipangusia mikono ukurasa wa kufunguliwa kwa hoteli ya Sajini Pilau, nikauokota ukiwa na mafuta, nikausoma kwenye mwanga kama dirisha. Nilikuwa na kurasa saba, hakuna mbili zilizofuatana. Nazo hazikunitosha kitu, ziliniongezea njaa tu.

Haboba aliona. Siku ya kumi na mbili aliniita.

"Sauda, kuja hapa. Wewe naangalia hii buku kila siku kama mutu iko na njaa. Hii buku iko na maneno gani?"

Nawaapia sikuwa nimepanga. Mwadhini alikuwa amemaliza kuita adhuhuri, wanaume walikuwa wakitawadha ng'ambo ya njia, na maneno yakatoka kinywani mwangu laini kabisa.

"Haboba, ni buku ya dini. Ni maneno ya Mtume, wameandika kwa Kiswahili."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukurasa, tayari kuuchana. Uliganda. Aliuangalia ule ukurasa, akaangalia ungo, akaangalia barabara yote mpaka sokoni ambako watu walikuwa wakitafuna na kutupa. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama majivu.

"Wewe nasoma vizuri?"

"Nasoma vizuri."

"Jina ya Mungu iko ndani?"

"Iko mingi."

Akasema "Astaghfirullah," si kwa nguvu, kama mtu anayejiambia mwenyewe kwamba ameumia. Alivua leso yake ya kichwani, nikaona mvi zake kwa mara ya kwanza, akakifunga kitabu ndani kwa mikono miwili, akaniwekea mikononi. "Peleka kwa baba yako. Yeye iko mutu ya kusoma. Aweke pahali safi. Mimi mikono yangu iko chafu."

Sikupeleka kwa Baba. Nilikwenda nyuma ya shamba letu la muhogo, nikafungua leso, nikasoma. Na hapa aibu yangu inaongezeka, kwa sababu kitabu kilikuwa kizuri. Ningependa kuwaambia kwamba sikufurahia. Nilifurahia. Sajini Pilau alikuwa amestaafu na kufungua hoteli ambayo mteja wake mkuu alikuwa yeye mwenyewe, na nilibana mdomo kwa leso ya Haboba ili kicheko kisisikike barabarani.

Kesho yake ungo wa Haboba haukuwapo. Siku ya pili haukuwapo pia. Siku ya tatu nilimwona, nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya soko, ameinama, mwili wote mrefu ule umekunjika, akiokota karatasi. Aliitoa kila moja kwenye matope, akaipangusa kwa gauni lake, akaitia kwenye kapu lililotandikwa kitambaa cheupe. Hakujua ipi ni ipi. Aliokota karatasi za kila aina, ankara, madaftari, gazeti, kwa sababu kwake zote zilikuwa na sura moja. Wavulana wa sokoni walimtupia nyingine wakicheka: "Haboba, hii pia! Haboba, sahau hapana!" Naye aliokota hiyo pia, akawashukuru.

Nilipita upande wa pili.

Jioni Mama alisema tukila, "Haboba Zaitun nafunga. Siku tatu sasa. Nasema alifanya dhambi kubwa kwa Mungu lakini hasemi dhambi gani. Mutu mzuri kama yule." Baba akatikisa kichwa. Mimi nikasema kwamba nimeshiba.

Ijumaa, baada ya sala, alikuja nyumbani. Alikuwa amekonda, na midomo ilikuwa imepasuka. Alibeba lile kapu kichwani kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Alimsalimia Baba, akakataa kiti, akaketi chini kwenye mkeka.

"Mzee Yusufu," alisema, "mimi nakuja juu ya ile buku. Na hizi zingine, nilipata kidogo tu. Wengine walitupa kwa moto, wengine kwa choo, mimi natafuta lakini iko mbali. Niambie. Nazika kwa udongo ama nachoma? Imamu iko kwa safari. Wewe iko mutu ya kusoma."

Baba hakuelewa. "Buku gani, Haboba?"

Baba aligeuka kuniangalia mimi. Haboba naye akaniangalia, bado bila shaka yoyote, akidhani labda nilisahau tu kusema. Nilikwenda kukitoa kitabu chini ya kitanda changu. Hatua zile chache ndizo ndefu kuliko zote nilizotembea, na nimetembea kutoka Zaire.

Baba alifungua leso. Akaona picha, akaona jina. Niliona uso wake ukifunguka, miaka sita ikirudi yote, furaha ikimjia kabla hajaweza kuizuia. Alifungua ukurasa, midomo ikaanza kusogea, pembe za macho zikakunjamana. Halafu akaangalia kapu lenye kitambaa cheupe. Akaangalia midomo iliyopasuka ya Haboba. Akaniangalia mimi, na kile kicheko kilichokuwa kinakuja kikazimika. Niliona kinavyozimika. Sikukiona tena kwa muda mrefu.

"Soma," aliniambia. "Kwa sauti. Haboba asikie ni maneno gani."

Nilifikiria kubuni. Ndiyo, hata pale nilifikiria kuangalia ukurasa na kusoma kitu kama sala, Haboba aende kwake na amani. Lakini Baba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Nikasoma. Nilisoma Sajini Pilau anavyomtoza mteja faini kwa kosa la kukataa nyama ya pili. Sauti yangu ilitetemeka kama ya mbuzi mwenyewe.

Haboba alisikiliza. Mwanzoni alifumba macho, kwa heshima. Kisha akayafungua. Nilipofika mwisho wa ukurasa alikinyoshea kitabu kidole.

"Hii," alisema polepole, "iko Mtume?"

"Hapana, Haboba."

"Hii iko polisi."

"Ndiyo."

"Nakula nyama."

"Ndiyo, Haboba."

Ncha ya leso haikuwapo kichwani, kwa hiyo alifunika mdomo kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa sababu hakuwa amemkosea Mungu, alicheka kama mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni, na kwa muda mfupi sana nilidhani nimeokoka. Kisha kicheko kilikwisha, na akaniangalia kana kwamba anaona sura yangu kutoka mbali.

"Ulitaka hii buku?"

Niliinamisha kichwa.

"Na hukusema?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa kweli. "Si ungeomba, mwanangu. Iko karatasi tu. Mimi ningekupa."

Baba hakunipiga. Alikifunga kitabu kwenye leso, akamrudishia mwenyewe. Haboba alisema, "Wacha mutoto achukue, mimi natafuta karatasi ingine." Baba akasema, "Hapana, Haboba. Hii iko mali yako." Hakusoma hata ukurasa mmoja zaidi. Jumatatu ungo ulirudi karibu na msikiti, na karanga zikauzwa ndani ya kurasa za Mtambo, moja baada ya nyingine, mpaka picha ya yule bwana wa meno makubwa ikabeba karanga za mtu nisiyemjua. Nilikatazwa kununua. Nilipita pale kila siku kwenda shule.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa aibu ya kawaida, ya mtoto. Lakini ilikuja barua.

Ilikuwa likizo, mwezi mmoja na nusu baadaye. Dereva alimletea Haboba barua Alhamisi mchana, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidole. Alikuja nayo kwetu mwenyewe. Baba alikuwa Abuku kwa kaka yake, wakipanda muhogo, na angerudi Jumapili. Haboba alisita mlangoni. Kisha akanipa.

Ismaili aliandika kwamba malori yao yamefika Arua. Wanapakia dukani kwa Lado, mfanyabiashara wa Sudan pale karibu na kituo cha malori, na Ijumaa saa sita mchana wanaondoka kwenda Kampala na mbali zaidi. Hajui atapita tena lini. "Mama njoo. Nataka kuona uso wako."

Niliisoma mara tatu bila kuambiwa. Safari hii Haboba hakufumba macho. Aliangalia mdomo wangu.

"Ijumaa iko kesho," alisema.

"Ndiyo, Haboba. Kesho saa sita. Lazima uende asubuhi."

"Ismaili iko Arua?"

"Iko Arua! Ameandika hapa!"

Alinyoosha mkono akaichukua barua, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Labda iko kweli," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Nangoja mwalimu."

Mwalimu alikuwa amekwenda kwao Ajia kwa likizo. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia naapa kwa Mungu, nikaona anavyoshtuka kidogo kusikia jina hilo kinywani mwangu, nikanyamaza. "Basi nangoja baba yako," alisema, akaondoka.

Nilikimbia Abuku. Mama aliniita, sikugeuka. Nilifika jua likizama, miguu imechanika, nikamweleza Baba huku nikilia. Alinipa maji. Alfajiri alinipandisha nyuma ya baiskeli, na tulipofika Koboko alikwenda moja kwa moja kwa Haboba, akaomba barua, akaisoma. Maneno yalikuwa yale yale. Haboba aliinuka kabla hajamaliza, akaanza kutafuta viatu.

Gari lilichelewa. Lilipopatikana lilikuwa pikapu ya magunia ya maharage, likaenda Arua likisimama kila kilima kutia maji. Baba alisema anamsindikiza, nami niende. Tulikaa juu ya magunia, Haboba akiwa na kifurushi cha karanga alizokaanga asubuhi ile ile kwa haraka, nyingine zimeungua. Tulifika dukani kwa Lado saa nane kasoro.

Lado alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye chale usoni. Alipomwona Haboba alijua ni nani, akatoka nje ya kaunta.

"Mama, alingoja," alisema. "Malori ilikuwa natoka saa sita. Yeye alisema ngoja kidogo, mama yangu nakuja, dereva akangoja. Saa saba wakakataa. Alisimama hapa, hapa kabisa, naangalia barabara ya Koboko."

Haboba alikwenda kusimama mahali pale alipoonyeshwa. Aliangalia chini, kana kwamba nyayo za mwanawe zitakuwa bado zipo. Akauliza, "Amekonda?"

"Kidogo tu, Mama."

"Ile kikohozi?"

"Sikusikia kikohozi."

Lado alimpa kitenge na vipande viwili vya sabuni alivyoachiwa na Ismaili. Haboba alivipokea, akampa Lado zile karanga, akamwambia ale yeye, zisiharibike. Baba alikuwa amegeukia ukuta. Nami nilikuwa natafuta pa kuweka uso wangu, na mchana kama ule, Arua, hakuna mahali penye kivuli cha kutosha.

Ismaili alirudi, msiogope. Alirudi baada ya miaka mitano, akiwa na mguu mbovu na mke wa Kisudan, na Haboba akamwona. Lakini miaka mitano ni mingi kwa mtu wa umri ule, na kila barua iliyokuja katikati yake ilisomwa mara mbili, kwangu na kwa mtu mwingine. Hakunifukuza kamwe. Aliniletea kwanza mimi, akasikiliza, akasema ahsante, kisha nikamwona akivuka njia kwenda kwa mwalimu.

Nilidhani ananiadhibu. Kwa miaka mingi nilidhani hivyo, na hata nilimkasirikia kidogo, kama watoto wanavyowakasirikia watu ambao wao wenyewe wamewakosea. Ilinibidi niwe mtu mzima, nikae na daktari anayeniambia mambo ya mtoto wangu kwa maneno nisiyoyajua, ndipo nielewe. Haboba hakuwa ananiadhibu. Alikuwa na macho ya kuazima, na nilikuwa nimemfanya asijue tena ni lini yanaona na ni lini yanamchezea. Hakuwa na njia ya kupima. Alichoweza kufanya ni kuazima mengine, na kungoja.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikwenda Koboko kumwomba radhi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njiani kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Alikuwa amezeeka sana, anakaa kitandani mlangoni, Ismaili anamletea chai. Nilimweleza yote, kitabu, mtaro, barua, Arua. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba kitabu hakikumbuki. Barua hazikumbuki, zilikuwa nyingi.

"Lakini ile safari ya Arua nakumbuka," alisema, na akatabasamu. "Juu ya magunia. Mimi naogopa kuanguka, wewe unanishika mkono mpaka tunafika. Wewe ulikuwa mutoto mzuri, Sauda."

Nimejaribu kuikumbuka tangu siku ile. Ninaiona pikapu, ninayaona magunia, ninamwona Baba ameshika kofia. Sikumbuki kumshika mkono.